Geti la Maili Kumi na Tisa

Kisima cha Kusini, kaskazini ya Marree
8 Machi 1998

Tamsin,

Nani amekudanganya kwamba barabara za huku ni za kupigia picha? Umeniandikia kurasa nne, nimezihesabu, na ndani ya kurasa nne mapazia ya gari umeyataja mara tatu, tairi la akiba hujalitaja hata mara moja. Mapazia ya manjano. Mtu anataka kukata kilomita elfu moja za vumbi na mawe, na akili yake yote iko kwenye pazia. Babu yako Arno angekuwa hai angekusikiliza mpaka mwisho bila kusema neno, halafu angeenda kuficha funguo za gari lako.

Haya, salamu sasa. Mimi nipo. Nyonga inauma nikikaa na inauma nikisimama, kwa hiyo nimeacha kuchagua. Mvua hatujaiona tangu Oktoba. Mbwa wangu Soksi amekuwa kiziwi, tunaishi vizuri zaidi. Keki uliyonitumia ilifika imekuwa unga, nikaila kwa kijiko. Nisalimie paka wako, nisalimie rafiki yako wa kule kwenye kiwanda cha matufaa, nisalimie na yule mzee wa ghorofa ya chini aliyevunjika mkono.

Sasa hilo gari lenu la kulala. Nimeitazama picha kwa miwani na bila miwani. Limeinama chini kama kuku anayeatamia. Ukitoka Lyndhurst lami inakwisha, na hapo barabara inaanza mawimbi, mawimbi, mawimbi, kama ubao wa kufulia, mpaka meno yako yagongane. Kila skrubu ndani ya hilo gari italegea. Hizo kabati zitafunguka na vikombe vyako vitatembea vyenyewe. Vumbi litaingia hata ndani ya yai. Kabla lami haijaisha, simama, punguza upepo wa matairi yote. Baba yako Clem alikuwa na miaka tisa alipobadili tairi peke yake, na jeki ilikuwa nzito kuliko yeye. Wewe una ishirini na minane. Umewahi kushika jeki?

Na jambo jingine. Umeandika "tutakuja sisi wawili." Wawili ni nani na nani? Maji yanahesabiwa kwa vichwa. Nijibu.

Bibi yako,
Ilma

*

Hobart
29 Machi 1998

Bibi mpendwa,

Barua yako imenifikia Alhamisi, nimeisoma nikiwa bado na aproni ya kazini. Mimi mzima, nimechoka tu. Huu ndio msimu wa matufaa, tunasimama tangu saa moja asubuhi mpaka jioni, nikifumba macho naona matufaa yanapita kwenye mkanda. Mzee wa chini amepona mkono, anasema ahsante kwa salamu ingawa hakujui. Paka naye ahsante.

Jeki nimenunua. Fundi mmoja wa jirani amenifundisha kubadili tairi. Mara ya kwanza saa nzima ilikwisha na nikalia. Mara ya pili dakika arobaini bila kulia. Tairi za akiba zitakuwa mbili, moja chini ya gari na moja juu ya paa. Mapazia yatabaki, Bibi, nimeshayashona.

Mpango wenyewe ni huu. Tunavuka na meli mpaka Melbourne, tunapanda mpaka Port Augusta, tunapita Quorn na Hawker, halafu Lyndhurst, Marree, na kwako. Tukae kwako siku nne. Kutoka kwako tuendelee kaskazini mpaka Birdsville. Nafikiria mwezi wa Julai, kusiwe na joto. Swali langu ni moja: njia ya zamani inayopita shamba la ng'ombe, ile ya Maili Kumi na Tisa, bado inapitika? Nataka kuja kwa njia hiyo, si kwa njia kubwa.

Weka maji ya watu wawili. Huyo wa pili ni mtu mzima, hali sana, hasemi sana.

Wako,
Tamsin

*

Kisima cha Kusini
26 Aprili 1998

Tamsin,

Hali sana, hasemi sana. Mwanaume wa namna hiyo ana jina? Au ameoa? Darcy, anayeendesha lori la barua, nimemsomea sehemu hiyo. Kasema, "Mama Ilma, huyo ni mume wa mtu." Nikamwambia, "Au ni mfu." Tukacheka. Ndiyo mara ya kwanza mwaka huu kucheka na mtu mwenye masikio yanayofanya kazi.

Salamu. Mimi nimechoka lakini si wa kulalamika. Ng'ombe wa jirani wanakonda, mifupa ya kiuno imetokeza kama mabega ya koti. Shamba tumeliuza miaka tisa sasa, tangu babu yako afe, lakini macho bado yanahesabu ng'ombe wa watu. Yanahesabu yenyewe. Nimefunika simu kwa kikapu, maana kila inapolia ni mtu anataka kuniuzia kitu. Simu ni ya kumwita daktari anayekuja kwa ndege, si ya maneno. Wewe andika.

Sasa sikiliza, sitarudia. Maji, lita kumi kwa kila kichwa kwa kila siku, na siku tatu za ziada juu ya zile mlizopanga. Yasiwe ndani ya pipa moja. Pipa likipasuka mnakuwa na pipa lililopasuka na hamna kingine. Mayai yafungeni moja moja kwenye soksi. Mkate hautadumu, chukueni unga. Jua likianza kushuka, simameni, pikeni, laleni, maana kangaruu wanatoka saa hiyo na hawana adabu ya barabara. Mkikuta sehemu vumbi limelala laini kama unga wa ngano, usilikanyage kwa mwendo, chini yake kuna shimo la kuingia gurudumu zima.

Na gari likifa, mnakaa na gari. Mnakaa kivulini mwake. Hamwendi kutafuta msaada, hamwendi kutazama kilima, hamwendi popote. Gari linaonekana kutoka angani, mtu haonekani.

Mageti nadhani unajua. Anayekaa kushoto kwa dereva ndiye anayeshuka. Ukilikuta wazi, liache wazi. Ukilikuta limefungwa, pita na ulifunge. Hakuna kufikiri, hakuna kumsaidia mtu, hakuna wema. Kama ulivyolikuta.

Njia ya Maili Kumi na Tisa ni mbaya. Piteni njia kubwa.

Huyo mtu ni nani?

Ilma

*

Hobart
17 Mei 1998

Bibi mpendwa,

Natumaini nyonga imepungua. Hapa kumekuwa baridi, msimu umekwisha, sasa nina siku mbili za kupumzika kwa wiki na ninazitumia kulala. Gari limepata springi mpya, limeinuka kidogo, si kuku tena.

Nilitaka nikuambie uso kwa uso. Lakini maji yanahesabiwa kwa vichwa, umesema, na sitaki uhesabu kichwa usichokijua.

Ni mama.

Najua, Bibi. Miaka ishirini na tatu sasa hujaliandika jina lake. Unasalimia paka wangu, unasalimia mzee wa chini, barua zote za miaka yote, na Glenys humo hayumo. Nilipokuwa mdogo nilidhani umemsahau. Baadaye nikajua mtu hawezi kusahau kwa makini hivyo.

Tangu baba afe, mama anakaa tu. Anakwenda kazini, anarudi, anakaa kwenye kiti cha baba mbele ya hita. Mwezi wa Februari nilikuwa nimetandaza ramani mezani kwake, napiga hesabu za petroli, yeye anashona. Akanyoosha kidole akaweka juu ya ramani, mahali pasipo na jina. Akasema, "Hapa kuna geti." Nikamwuliza geti gani. Akasema, "Nataka kuliona tena kabla sijazeeka kabisa. Nililikuta limefungwa, Tamsin." Akaendelea kushona. Ndiyo hayo tu. Nilikuwa na miaka mitano tulipoondoka kwenu na ninachokumbuka ni harufu. Baba alikuwa akiulizwa anasema, "Mambo ya ng'ombe," anatoka nje.

Sikuulizi chochote. Nauliza tu kama unatukaribisha wote wawili. Ukisema hapana hatutakuja, maana bila wewe sioni kwa nini nimpeleke huko.

Wako,
Tamsin

*

Kisima cha Kusini
28 Juni 1998

Tamsin,

Mimi nipo. Soksi amekufa Jumatatu iliyopita, kwa uzee.

Barua yako ilikaa Marree. Barabara imefungwa. Mvua. Msije.

Ilma

*

Hobart
12 Julai 1998

Bibi,

Pole kwa Soksi. Najua alikuwa na wewe miaka kumi na minne.

Nilipiga simu kwa watu wanaotoa habari za barabara. Dada aliyepokea akaniuliza, "Wewe unataka kupita lini?" Nikamwambia nimesikia imefungwa. Akasema, "Mvua gani, mpenzi? Huko tunaomba hata ukungu." Barabara iko wazi tangu Machi. Haijafungwa hata siku moja.

Hata siku tuliyomzika baba uliniambia barabara imefungwa. Mama aliacha kiti tupu mstari wa mbele. Mjomba akataka kukaa, mama akamwambia, "Hapo pana mtu." Nilikuamini, Bibi. Miaka miwili nimekuamini. Safari hii nimeulizia na ya siku ile pia.

Sina nguvu ya kugombana na wewe. Nimechoka kubeba salamu za upande mmoja. Mama hajui nimekuandikia nini kuhusu yeye. Anajua tu kwamba Bibi anafikiria. Kila nikirudi kutoka sanduku la barua ananitazama mikono, halafu anauliza kama nimekula.

Gari liko tayari. Maji ya watu wawili, siku tatu za ziada, mapipa manne. Nitangoja mpaka mwisho wa Agosti, kwa sababu baada ya hapo joto linaanza. Usiponijibu nitaliuza.

Tamsin

*

Kisima cha Kusini
2 Agosti 1998

Tamsin,

Mtoto wa kike kuulizia barabara nyuma ya mgongo wa bibi yake. Nilipoisoma hiyo niliitupa barua kwenye kapu la kuni. Kesho yake nikaitoa. Nimekasirika na wewe wiki nzima, na wiki ilipokwisha nikaona nimechoka tu, hasira haimo.

Barabara ilikuwa wazi. Siku ya Clem nayo ilikuwa wazi. Nilivaa gauni la buluu, nikaweka sanduku kwenye pikapu, nikaendesha mpaka kwenye geti la nje la nyumbani kwangu mwenyewe, nikakaa hapo mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa gari. Halafu nikarudi nikavua viatu. Mwanangu wa pekee. Sasa soma kwa nini, na usome taratibu, maana mwandiko wangu ni wa darasa la nne.

Februari, mwaka 1975. Pampu ya upepo ya upande wa mashariki ilikuwa imekufa, birika la kunyweshea ng'ombe kavu. Babu yako akafungua lile geti la Maili Kumi na Tisa ili ng'ombe wapite wenyewe kwenda kunywa upande wa magharibi. Mimi nilijua. Aliniambia nikiwa namimina chai. Mama yako hakujua, kwa sababu alikuwa mjini siku tatu na wewe, ulikuwa unaumwa sikio.

Nilikuwa nimewapikia wanaume kumi na mmoja wa kukusanya ng'ombe kwa wiki mbili. Mkate, nyama, chai, mkate. Siku ile niliwapelekea chakula cha mchana kwa pikapu, nikarudi peke yangu. Nilipita getini. Maisha yangu yote, Tamsin, geti la nyumbani nimelifunga nyuma yangu. Nikashuka, mikono ikafanya kazi yake. Mnyororo ulikuwa wa moto umelala kwenye jua, ukaniunguza kiganja, nikauzungushia hanchifu yangu ndipo nikaweza kuunganisha. Nikapanda nikaondoka. Sikujua kama nimefanya jambo. Nilikuwa nalala macho yakiwa wazi.

Jioni ile, giza limeshaingia, mama yako akarudi kutoka mjini na wewe nyuma. Akalikuta limefungwa. Akashuka, akafungua, akapita, akashuka tena, akalifunga kama alivyolikuta. Sheria hiyo nilimfundisha mimi. Wiki ya kwanza alipoolewa nilimsimamisha mbele ya geti nikamrudisha mara tatu kama mtoto wa shule.

Baada ya siku sita tukawakuta. Mia moja na arobaini, wamelala kwenye seng'enge, wamerundikana, wengine bado wamesimama kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuanguka. Upande wa pili birika limejaa. Walikuwa wakiliona. Sitakuandikia zaidi ya hapo.

Babu yako akapiga magoti akasoma alama za matairi. Alama za juu kabisa zilikuwa za gari la Glenys. Akasema, "Wa mwisho kupita ni yeye." Mimi nilikuwa nimeshafika getini kabla yake. Hanchifu ilikuwa bado iko kwenye mnyororo, imekauka, ina herufi zangu pembeni nilizodarizi mwenyewe. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikaitoa nikaiweka kwenye mfuko wa aproni.

Usiku huohuo jikoni baba yako amekaa kichwa kimeinama. Arno amesimama. Mama yako akasema, "Nililikuta limefungwa, Baba. Nililiacha kama nilivyolikuta."

Arno akasema, "Alama za matairi zinasema wewe."

Clem akabaki anatazama sakafu. Mama yako akanigeukia mimi. Hakulia. Akasema, "Mama, waambie wewe. Waambie ulivyonifundisha."

Nilikuwa nakanda unga. Hanchifu ilikuwa inagusa tumbo langu. Nikasema, "Watu wa mjini hawafundishiki."

Ndiyo maneno yangu, yote manne. Alfajiri akakubeba akaondoka. Clem alikaa na sisi mwaka mmoja hasemi, halafu akamfuata, na alifanya vizuri. Mimi nikangoja siku ya kusema. Kwanza Arno alikuwa na uchungu mno, nikasema apoe. Alipopoa akawa mgonjwa. Alipokufa nikasema sasa ni ya nini. Clem alipokufa nikajua nimechelewa, na aliyechelewa anaona aibu kubisha hodi. Hiyo ndiyo sababu sikuandika jina lake. Mkono uliandika paka, uliandika mzee wa chini, ukifika kwa Glenys unasimama. Si kwa chuki. Nilikuacha udhani ni chuki, maana chuki inabebeka.

Unaweza kunichukia. Una haki, na huna haja ya kuniambia. Ila gari usiuze.

Sasa fanya hivi. Barua hii usimsomee mama yako. Mpe mkononi, aisome mwenyewe, kwenye kiti cha Clem, na wewe toka nje uende ukaoshe gari au ukafanye unalotaka. Hanchifu nimeiweka ndani ya bahasha. Ni yake sasa, aitie motoni au aipangushie vioo, sitauliza. Akisema haji, msije, na sitaandika kumbembeleza.

Akisema anakuja, ondokeni tarehe ishirini, mfike kabla ya joto. Muwe na maji kama nilivyosema. Lyndhurst mpunguze upepo wa matairi. Piteni njia ya zamani. Si mbaya, nilikudanganya, na Juni greda limeisawazisha tena. Yeye akae mbele, kushoto. Mageti yote mpaka Maili Kumi na Nane atafungua yeye, kwa maana anajua kuyafungua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, na nimefundisha wengi.

Darcy nimeshamwambia anichukue na lori alfajiri ya tarehe ishirini na sita anishushe Maili Kumi na Tisa, na kiti, na mwavuli, na birika la chai. Aliniuliza, "Ukae huko peke yako ungoje nini, Mama Ilma?" Nikamwambia aangalie barabara yake.

Mtalikuta geti limefungwa. Simamisheni gari mbali kidogo, zimeni injini, na asishuke mtu. Glenys asishuke. Mwambie nimesema mimi: akae hapohapo kwenye kiti, atazame, nilifungue mwenyewe.

Ilma